Mbwa Aliyeacha Kuangalia

Simu ya kwanza ilinikuta kituo cha mafuta, wiki ya kwanza ya Mei, masika yamekolea, nami nikaijibu vibaya. Aliyepiga ni mtunza nyumba mmoja wa upande wa Casuarina, kusini ya mji wa Malindi. "Daktari, yule mbwa wa manyoya hali chakula kama zamani." Nikamuuliza: anatapika? Hatapiki. Anaharisha? Haharishi. Akiitwa anakuja? "Akipenda," akanijibu. Nikacheka. Nikamwambia basi hapo hakuna ugonjwa, hao ndivyo walivyo, hula wakipenda na huja wakipenda. Mtazame siku mbili tatu.

Siku mbili tatu zikawa kumi na moja. Simu ya pili ilitoka kwa mpishi wa nyumba hiyohiyo, mama wa makamo, Mswahili wa Shella, ambaye tangu mbwa yule afike hajapata kumgusa. Si kwa chuki. Ana udhu wake wa kulinda, na katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa pwani yetu chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mwenye sufuria kumi za kuosha hawezi kuutafuta udhia huo. Kwa hiyo alikuwa akimwona mbwa kwa mbali tu, kupitia dirisha la jikoni, kila siku, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Akaniambia: "Daktari, mbwa haangalii tena."

Nikamwomba anieleze. Kila alfajiri, akasema, tumbili hupita juu ya ukuta wakitoka kwenye mwembe wa jirani. Zamani mbwa alikuwa akiwaona kabla yeye hajawasikia: anasimama wima, shingo juu, ncha ya mkia imejikunja kama pete, mwili mzima unatetemeka. Sasa tumbili wanapita, wengine wanashuka mpaka kwenye ndoo ya taka, naye amelaza kichwa chini. "Hata paka akimpita puani, hana habari."

Nikawasha pikipiki.

Mbwa mwenyewe

Nitamwita Nuru. Alikuwa jike wa miaka mitatu, rangi ya mchanga mkavu, uso mweusi, mbwa wa Kiafghani wa ukoo ulioandikwa. Mwenye mbwa ni bibi wa Kitaliano aliyestaafu, mmoja wa wale wanaokuja Malindi kaskazi ikianza na kurudi kwao masika yakikaribia. Alimleta Novemba, na makaratasi yote yamekamilika, ikiwamo chanjo ya kichaa cha mbwa na kipimo cha damu kilichofanywa Italia kabla ya safari. Kipimo hicho kikumbuke, kitarudi.

Kwao Afghanistan mbwa huyu huitwa tazi. Ni mwindaji wa macho, na hapo ndipo anapoachana na mbwa tuliowazoea. Mbwa wetu wa mitaani hufuata pua. Tazi huona kitu kikisogea mbali, akakitokea mbio, na mbio zake hufika karibu kilomita 60 kwa saa. Mwindaji aliyepanda farasi hawezi kumfikia, achilia mbali kumpa amri. Kwa vizazi vingi aliyefaa kuzalishwa ni yule aliyejua kukata shauri peke yake akiwa mbali na bwana wake. Ukimchukua mnyama wa namna hiyo ukamwambia "kaa", atakutazama, atazame kwa mbali nyuma ya bega lako, kisha ajilalie. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Stanley Coren alipopanga aina za mbwa kwa jinsi wanavyotii amri, mbwa wa Kiafghani alikaa mkiani kabisa. Watu wakasema ni mjinga. Mimi huona kuwa orodha ile ilipima utumishi, na huyu si mtumishi.

Si mkali. Nuru hakuwahi kumbwekea mgeni, jambo lililomuudhi sana askari wa usiku, ambaye alitumaini kupata msaidizi. Mgeni hamrukii wala hamlambi. Humsogelea, akamnusa mkono mara moja, akaenda zake. Mapenzi yake huyaweka kwa mtu mmoja au wawili, na hata hao hawagandi. Pale nyumbani watu walikwisha kumpa neno lake, nalo ni la haki kabisa kwa Kiswahili: maringo.

Mtunza nyumba, mwanamume wa Kigiriama wa Ganda, alikuwa mmoja wa hao wawili. Alikuwa akimsemesha Kitaliano. Usicheke, Malindi hiyo si ajabu: wauza vinyago wa ufukweni hupatana bei kwa Kitaliano bila kukanyaga darasa. Mbwa amelelewa kwa lugha ile, na jamaa akaona afadhali ajifunze yeye kuliko mbwa ajifunze Kiswahili.

Na sasa manyoya. Marefu, laini kama hariri, yanashuka toka masikioni, mabegani, tumboni, miguuni mpaka vidoleni. Mgongoni tu, mbwa akishakomaa, hubaki ukanda wa manyoya mafupi kama tandiko. Yaliumbika kwa baridi ya milimani. Hayapukutiki ovyo kama ya mbwa wengine, na watu hulichukua hilo kama sifa njema. Kumbe ndiyo kazi yenyewe, maana unyoya uliokufa hubaki mle ndani, ukajisokota na ulio hai, ukavuta mchanga, miiba ya nyasi na sindano za mivinje, na kwa unyevu wetu wa pwani fundo la ukubwa wa punje ya mahindi hugeuka kipande cha mkeka kwa siku chache. Anatakiwa aoge kila wiki au wiki mbili, akaushwe hadi ngozini, kisha achanwe tabaka kwa tabaka kuanzia chini, manyoya yakiwa na umaji kidogo, kwa sababu makavu hukatika. Ni kazi ya saa mbili. Mwenyewe alikuwa akiifanya barazani, akiwa na redio na kahawa.

Mbuzi wa Machi

Katikati ya Machi, siku chache kabla mwenyewe hajarudi Italia, Nuru alichomoka mkononi kwenye uwanja ulio nyuma ya mivinje. Aliona mbuzi. Mtunza nyumba aliniambia baadaye kwamba aliposikia kamba ikimwunguza kiganja, mbwa alikwisha kuwa mdogo kama kuku kule mbali. Mbuzi akavunjika mguu. Mwenye mbuzi akalipwa, tena bei ya mbuzi wa Idi, na Idi ilikuwa mbali.

Tangu siku hiyo Nuru hakutolewa tena nje. Mwenyewe alipoondoka, mtunza nyumba, ambaye hakutaka kesi nyingine wala hakuwa na fedha ya mbuzi wa pili, alimfunga kwa kamba fupi bandani nyuma ya jiko. Banda zuri: paa la makuti, ukuta wa mawe ya matumbawe, kivuli mchana kutwa. Alimpa maji, alimpa chakula, alifagia. Sikuona ukatili pale.

Lakini banda lile lilikuwa na wenyeji. Kupe wa kahawia wa mbwa hana haja ya majani marefu. Maisha yake yote anaweza kuyamaliza ndani ya nyumba. Akishashiba hushuka kwa mbwa na kupanda ukutani, akajificha kwenye nyufa au juu kabisa kwenye makuti, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Ukuta wa matumbawe ni matundu matupu. Mbwa wa mlinzi wa zamani alilala pale miaka kadhaa, na hakuna aliyepuliza dawa alipokufa. Kisha akaletwa mnyama mwenye manyoya ya kushika kila kitu, aliyetoka nchi nyingine, akafungwa mahali pamoja usiku na mchana.

Mimi nilimwona Machi hiyohiyo, kabla hajafungwa, nilipokwenda kumchoma chanjo. Nilimshika mgongoni nikahisi mifupa ya nyonga imetokeza. Nikasema, na nakumbuka nilivyosema kwa ujuzi, kwamba kwa aina hii mifupa ya nyonga hutokeza hata mbwa akiwa mzima na ameshiba. Ni kweli, hutokeza. Nikamaliza bila kumpima uzito. Masikio niliyatazama kwa nje, kama mtu anayetazama pazia. Kwa hiyo sijui kama kupe wa kwanza alikuwamo tayari.

Chini ya sikio

Nilipofika katikati ya Mei alisimama kunipokea, kwa adabu yake ileile, akaninusa mkono mara moja. Ukimtazama kwa mbali ungesema mbwa mzuri. Ndilo tatizo la kisa hiki toka mwanzo hadi mwisho: kila dalili ilikwisha kupata maelezo kabla haijapata daktari. Hali? Ana maringo. Amekonda? Ndiyo umbo lake. Hachezi? Ni wa heshima. Amelala mchana kutwa? Hao hulala, wakiwa hawakimbii hulala. Na kila jibu lilikuwa kweli kwa mbwa wa Kiafghani aliye mzima.

Nikamwinua na kusimama naye juu ya mizani. Kilo 20.4. Kwenye makaratasi ya safari: 25.2. Alipoteza karibu kilo tano ndani ya manyoya yake mwenyewe, na hakuna aliyeona, kwa sababu manyoya hayakondi.

Homa: digrii 40.1, na mbwa mzima haifiki 39.5 akiwa ametulia. Nikageuza mdomo, ufizi umepauka na una vidoadoa vyekundu kama vya ncha ya kalamu. Vilevile tumboni, pale penye ngozi wazi. Kwenye tundu la pua la kushoto palikuwa na damu iliyokauka. Mtunza nyumba alisema aliiona asubuhi moja sakafuni, tone mbili, akadhani mbwa amekula mjusi. Matezi ya chini ya taya na nyuma ya goti yamevimba. Jicho la kulia limefunga ukungu wa buluu. Kwa hiyo mpishi alisema kweli mara mbili.

Kisha nikafunua sikio. Kupe walikuwa wamejipanga kwenye tundu la sikio kama kunde kwenye ganda. Kati ya vidole vya miguu, tena. Kwapani manyoya yamekuwa gome moja gumu, na nilipoliinua kidogo kwa kidole, ngozi ya chini ilikuwa nyekundu, mbichi, inanuka. Mtunza nyumba alisimama nyuma yangu, hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Mimi humpiga brashi kila jioni, daktari." Alikuwa akimpiga brashi kweli. Brashi ilipita juu. Mabegani na mgongoni mbwa alikuwa akimetameta.

Mkononi alikuwa ameshika chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, aliyoinunua asubuhi ile duka la dawa za mifugo. Nashukuru sikuchelewa siku moja zaidi. Mbwa amekonda, ana homa, manyoya yake yanashika maji kama sponji, na mwenyewe atajilamba: amitrazi, ile dawa iliyomo chupani, ikipimwa kwa makadirio ya ng'ombe ingemlegeza moyo na kumpandisha sukari kwenye damu. Kwa mbwa dawa hiyo hutumika, lakini kwa kipimo chake, na si siku kama ile.

Ni nini basi?

Mbwa wa Malindi mwenye kupe, homa na ufizi mweupe, daktari yeyote wa pwani atataja erlikia na babesia, magonjwa yanayoenezwa na kupe, kabla hajashuka pikipiki. Ila huyu alikuwa na maisha mawili, moja huku na moja kule, na nilitaka kuyahesabu yote mawili.

Kutoka huku: kupe kwanza. Pili, nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mbung'o wapo msitu wa Arabuko-Sokoke, na mwenyewe alipenda kwenda naye kando ya msitu Februari. Mbwa mwenye nagana hupata homa, huishiwa damu, na jicho hugeuka buluu, jambo ambalo limewapumbaza wengi. Tatu, sumu ya panya, kwa ajili ya ile damu ya puani. Mpishi aliapa kwamba nyumba yenye paka sita haijawahi kuihitaji.

Kutoka kule: leishmania. Huenezwa na usubi, ipo nchi za Bahari ya Kati, Italia ikiwamo, na inaweza kukaa ndani ya mbwa miaka kabla ya kujitokeza kwa kukonda, vidonda vya ngozi na kutoka damu puani. Ukimtibu kupe tu mbwa aliyezaliwa Italia, bila kuuliza swali hili, huenda ukawa unazima taa nyumba inaungua.

Na kutoka kwa ukoo wake: alikuwa akihema haraka. Mbwa wa Kiafghani wana mwelekeo wa kupata maji meupe ya mafuta kifuani, na hata pafu kujisokota, kuliko aina nyingi nyingine. Nilimsikiliza kifua pande zote kwa utulivu niliopaswa kuwa nao Machi. Kilikuwa wazi. Alikuwa akihema kwa homa na joto.

Nikachukua damu kwenye mshipa wa mguu wa mbele, nikabana pale dakika kumi nzima, maana mbwa mwenye vidoadoa vile anaweza kuvuja chini ya ngozi usiku kucha. Kwenye darubini yangu sikuona babesia wala vijidudu vya nagana. Kipimo cha haraka cha erlikia kilitoa mstari. Mstari huo husema mwili umewahi kukutana na ugonjwa, hausemi lini. Mbwa wengi wa hapa mjini wangeutoa wakiwa wazima. Damu iliyobaki ikapanda matatu ya alfajiri kwenda maabara Mombasa, kilomita 120 hivi, pamoja na ombi la leishmania.

Tarakimu zilizosema uongo

Majibu yalikuja kesho yake jioni. Leishmania: hakuna. Chembe sahani, zile zinazoziba mshipa ukikatika: 38,000, wakati mbwa mzima huwa nazo 200,000 au zaidi. Hapo palikuwa na jibu. Chembe sahani chache, homa, matezi, jicho, kupe na ule mstari, vyote vikielekea upande mmoja: erlikia.

Lakini mstari mwingine wa karatasi ndio uliokaribia kunipoteza. Ujazo wa chembe nyekundu: asilimia 38. Pembeni maabara imeandika kiwango cha kawaida, 37 hadi 55, na imeweka alama ya sawa. Kwa hiyo damu ipo, mtu angesema. Ufizi ule labda ni mwanga mbaya wa bandani.

Jamii hii ya mbwa wakimbiaji haipimwi kwa mstari huo. Damu yao ni nzito. Kwa greyhound, aliyechunguzwa kuliko wote, 50 hadi 65 ni hali ya kawaida, na ndugu zake wembamba wa mbio humfuata kwa karibu. Nikafungua makaratasi ya Italia, kile kipimo cha kabla ya safari: 53. Nuru alikuwa amepoteza zaidi ya robo ya chembe zake nyekundu, na karatasi ya maabara ikampa alama ya sawa. Siilaumu maabara. Inapima mbwa wa aina mia kwa rula moja, ndiyo kazi yake. Rula ya mbwa huyu ilikuwa ndani ya faili lake, nami Machi sikulifungua.

Rula hiyohiyo ilitusumbua tena. Mwenyewe, kwa simu kutoka Italia, alimtumia majibu daktari wake wa kule, naye akaona homoni ya tezi ya shingo iko chini, akashauri aanzishiwe vidonge vya tezi. Hapo nilibisha. Mbwa wa jamii hii huwa na homoni hiyo chini kwa asili, na ugonjwa wowote mzito huishusha zaidi kwa mbwa yeyote. Ni kweli tezi dhaifu huwapata mbwa wa Kiafghani, tena si haba. Lakini hupimwa mbwa akiwa mzima, kwa zaidi ya kipimo kimoja. Tukakubaliana tungoje.

Siku 28

Dawa ya erlikia haina maajabu: doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo, kwa siku, kwa siku 28. Kwa uzito wake ni vidonge viwili vya miligramu 100, vilevile vinavyouzwa duka la dawa la watu. Uhodari upo katika kuvinywesha. Kidonge hicho kikikwama kooni huchoma, kwa hiyo hapewi kikavu. Hutangulia chakula, hufuata maji. Na kisichanganywe na maziwa. Hili nililirudia, kwa sababu maziwa ndicho kitu pekee ambacho Nuru alikuwa bado akikikubali. Mpishi akapata njia: vibua waliochemshwa, wametolewa miiba, kidonge katikati ya tonge. Tonge analifinyanga yeye, analiweka kwenye sahani ya bati iliyotengwa, mtunza nyumba anaipeleka. Kwa siku 28 hawakukosa hata moja. Jicho lilipewa matone yake.

Siku ya pili homa ilishuka hadi 39. Siku ya tano akala bila kubembelezwa. Siku ya tisa, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nikapata ujumbe wa sauti wa mpishi, nyuma yake tumbili wakipiga kelele: "Ameinua kichwa. Hakusimama, lakini ameinua."

Mkasi

Kazi iliyobaki ilikuwa manyoya. Mafundo yale yalitaka kuondoka, na njia rahisi ingekuwa kumlaza kwa dawa na kumnyoa saa moja. Sikutaka. Mbwa hawa wana mafuta kidogo sana mwilini, na ini lao huchelewa kuziondoa baadhi ya dawa za usingizi, hasa zile za zamani za jamii ya thiopentoni: mbwa mwingine huamka baada ya dakika chache, tazi anaweza kulala nusu siku au asiamke vizuri. Siku hizi kuna dawa salama zaidi kwao, ninazo. Lakini ini la mbwa huyu lilikuwa kwenye vita, na kwa chembe sahani zile sikutaka hata sindano isiyo ya lazima.

Kwa hiyo tulimnyoa macho wazi, jioni nne mfululizo, robo mwili kwa siku, jua likishatua. Hapa tabia yake ikawa rafiki yetu. Mbwa mwingine angepigana. Nuru alilala ubavu, akatazama ukutani, na kila mashine ilipokaribia ngozi mbichi alivuta mguu polepole, kama mtu anayeondoa mkono wake kwenye mkono wa mtu asiyemjua vizuri. Mtunza nyumba alimshika kichwa, akimnong'oneza Kitaliano. Tuliacha manyoya ya kichwani na kidogo mkiani. Kwingine tulibakiza unene wa kidole, tusifike ngozini, maana ngozi iliyozoea kivuli ikikutana na jua la Malindi huungua. Manyoya yalijaa gunia la kilo 50.

Kupe tuliwatoa kwa mkono, tukawatia kwenye spiriti. Kisha kidonge cha kutafuna kinachofanya kazi wiki 12. Ukanda wa shingoni niliukataa, kwa sababu kwa mbwa huyu, manyoya yakirudi, ukanda utaning'inia juu ya nywele bila kugusa ngozi. Banda lilipigwa chokaa na nyufa zikazibwa, makuti ya chini yakabadilishwa, na dawa ikapulizwa mara mbili, wiki tatu kati yake, ili ikute wanaoanguliwa. Dawa hiyo tuliichagua kwa kuwafikiria paka sita: tuliepuka permetrini, ambayo mbwa huivumilia lakini humuua paka. Na Nuru hakurudishwa bandani. Analala barazani, kamba ndefu, juu ya sakafu ya saruji inayofagiliwa.

Kuhusu nani alikosea, nimesikia mengi. Jirani mmoja alisema mbwa wa namna hii asiletwe pwani kabisa. Naelewa, na sikubaliani sana. Joto alilimudu vizuri tangu Novemba, akitembezwa alfajiri na jioni. Aliyemwangusha ni kupe wa ukuta mmoja. Mtunza nyumba alifanya alichojua. Mwenyewe aliacha chakula cha miezi mitatu na brashi tatu, hakuacha mtu aliyefundishwa kuzitumia. Mimi niliufahamu ukoo huu kuliko wote waliokuwapo, na ujuzi huo ndio niliotumia kumfukuza mtu kwenye simu.

Mwenyewe alirudi mwishoni mwa Julai. Nilikwenda kumpokea nikiwa nimejiandaa kwa maelezo ya ugonjwa, naye akalia kwa ajili ya manyoya. Yatachukua mwaka na zaidi kurudi marefu kama yale. Siku ya pili akanipigia kuuliza kama inawezekana kumwacha hivihivi, mafupi. Ameona mbwa analala mchana bila kuhema. Nikamwambia inawezekana, tazi hajui kwamba amepungukiwa. Mtunza nyumba analipwa saa mbili zaidi kila wiki sasa, na amefundishwa kuchana kuanzia chini. Masika yajayo tutaona.

Oktoba nilimpima tena. Kilo 24.6. Chembe sahani zimerudi. Homoni ya tezi iko chini kidogo, palepale ninapoitarajia kwa ukoo wake, na vidonge hatukuanza. Jicho limebaki na alama ndogo ya kijivu pembeni ambayo haimzuii kitu. Asilimia ya chembe nyekundu nimeiandika kwa kalamu nene ndani ya mlango wa kabati langu la dawa, mahali ambapo siwezi kulifungua bila kuiona: Nuru, 51.